Uzinduzi wa Kliniki ya Pumu, Mtae

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mchungaji, Shehe, Mwalimu Mkuu, viongozi wa kwaya, umoja wa bodaboda, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu nimemtaja. (Makofi.)

Mimi, Mansuri, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Pumzi Bora, niliyepanda barabara yenu kwa saa tano bila kulalamika zaidi ya mara kumi, nimekuja kuzindua Kliniki ya Pumu, ambayo kwa mujibu wa rodimapu, ramani yetu ya utekelezaji, itahudumia asilimia mia na nne ya wagonjwa. (Minong'ono.)

Kitaalamu, ndugu wananchi, mwilini mna kingamwili, yaani mgambo wa damu. Kwa wengi wenye pumu, mgambo huyo akiona vumbi anadhani ni jambazi. Anapiga filimbi, njia za hewa zinavimba, na misuli yake inabana kama kola ya shati la harusi ukilivaa miaka kumi baadaye. (Kicheko.) Tiba ni dawa ya kuvuta, ipunguze uvimbe na kulegeza misuli, na kuhusu dawa hiyo mimi binafsi nimehudhuria semina saba, zote zenye chakula cha mchana.

Matunda mmeshayaona. Mwezi uliopita Mama Dorkasi, huyu hapa mbele, alibanwa kifua akipura maharage. Mwanawe Rubeni akamfunga mgongoni kwake kwa kanga, akateremka naye kwa pikipiki hadi hospitali, Lushoto. Akapona. Ripoti yetu imeandika: vifo, sifuri. (Mama Dorkasi anasimama, kifua kinapiga mluzi.)

"Mheshimiwa, dawa niliyopewa iliisha juzi. Nimekuja kuchukua nyingine. Niingilie mlango upi?"

Shikamoo mama. Swali la kimkakati hilo. Litaundiwa kamati ndogo. (Rubeni anawasha pikipiki. Wanakwaya wanampandisha mama yake, wanamfunga kanga. Nusu ya mkutano inawasindikiza.) Wanaoondoka waondoke kwa utaratibu. Katibu, andika: rufaa ya kwanza, imefanikiwa.

Pumzi Bora! Kingamwili hoyee! (Mwenyekiti peke yake: Hoyee.)

Namshukuru Bi Saumu kwa shamba lake la viazi tulimosimama, kwa kuwa kiwanja cha kliniki bado hatujakiomba. Namshukuru mkandarasi, ambaye hatujampata. Na daktari, popote alipo. Utepe msiukate. Fungueni fundo taratibu: kesho asubuhi unazindua kliniki kama hii kule Mlalo.