Ombi la Kuondolewa kwa Pazia kwenye Kibanda cha Kura

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Uchaguzi,

Pole na kazi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kunyolea wateja, kwa kuwa tangu matokeo yatangazwe hakuna mteja aliyekikalia. Mimi ni kinyozi wa hapa mkabala na stendi, na pia ni katibu wa chama ambacho mji wetu umekipigia kura tangu baba yangu akiwa kijana. Kila uchaguzi, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wakubwa wa chama matokeo kabla masanduku hayajafunguliwa. Sikupiga ramli. Nilikuwa nawauliza watu huku nikiwanyoa, nao wananijibu.

Safari hii diwani wetu alipambana na mkunga wa zahanati. Nilimwambia diwani alale usingizi. Mkunga ameshinda, tena kwa kishindo. Nimetafakari sana nikagundua kwamba kosa si langu, ni la lile pazia mliloweka kwenye kibanda cha kupigia kura. Naomba kueleza:

1. Pazia linawabadilisha watu tabia. Muuza nyama wetu ni mtu wa msimamo. Bucha lake amelipaka rangi za chama mpaka kwenye meza ya kukatia. Siku ya kura aliingia nyuma ya pazia akiimba wimbo wa chama. Nilimsikia mwenyewe, maana nilikuwa wakala mle kituoni. Katikati ya ubeti akanyamaza. Alipotoka hakuumalizia. Nakuuliza kwa heshima, Mheshimiwa, mle ndani alipatwa na nini?

2. Mtaa wa Juu haujawahi kutuangusha. Huko anaishi baba mkwe, ambaye nilimpa kofia ya chama akawa anaivaa hata kitandani. Aliwaagiza ukoo mzima wapige kura kama yeye, na nasikitika kukuarifu kwamba walimtii. Kura za diwani katika kituo kile zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na moja kati ya hizo ni ya diwani mwenyewe. Nilipokwenda kumwamkia mzee ili nimdadisi, aliitikia marahaba, akaanza kunieleza habari za mvua. Kofia yake niliiona uani, anapimia chakula cha kuku.

3. Hili linaniuma zaidi. Nilikuwa nimeshapanga viti uwanjani kwa ajili ya ushindi wetu, spika zimefungwa, na mama lishe ameshaivisha. Matokeo yaliposomwa nilitegemea watu watawanyike kwa majonzi. Hakuna aliyeinuka. Walisogeza viti wakampisha mkunga akae katikati, wakala, wakacheza. Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi, na watu wote wananitazama, nikajikuta namkaribisha mgeni rasmi. Kibaya zaidi, nilimkaribisha vizuri. Nilipigiwa makofi ambayo sikuwahi kuyapata katika kampeni nzima.

4. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba mji mzima umenidanganya mchana kweupe. Alikuwa anakunja nguo. Nilitegemea pole.

"Baba watoto," akasema, "ulikuwa unawauliza huku umewawekea wembe shingoni. Ungekuwa wewe, ungejibu nini?"

Nikamwambia huo ni uchambuzi wa kitoto. Ndipo akanikumbusha ni nani aliyekanyaga tope kutoka zahanati kuja kumzalisha kitinda mimba wetu, wakati diwani alikataa kutoa gari lake kwa sababu lilikuwa limeoshwa. Hilo sikuwahi kuliingiza kwenye hesabu zangu; nililiona ni jambo la familia, si la siasa. Nikamuuliza kama na yeye alimpigia mkunga. Aliendelea kukunja nguo. Hapo nikajua pazia lenu limefika mpaka chumbani kwangu.

Kwa hiyo naomba pazia liondolewe. Kama sheria hairuhusu, kura zipigwe hapa kwangu, mpiga kura akiwa kitini, ametulia, nami nikisikiliza. Kama na hilo ni zito, niachiwe niwapigie watu wote mimi mwenyewe, kwani nawajua kuliko wanavyojijua; wao wataendelea na shughuli zao, na ofisi yako itapumzika.

Isieleweke kwamba nina ugomvi na mkunga. Jana alipita hapa, akanisalimu vizuri, akauliza kama mama watoto anaendelea na dawa za presha. Diwani hajapita wala kupiga simu. Nadhani bado amelala.

Nisalimie makarani wote, pamoja na yule askari aliyenishika mkono kwa upole nilipokuwa nachungulia nyuma ya pazia.

Ni mimi, niliyenyolewa bila maji,
Kinyozi wa Stendi,
Katibu wa Chama (kama bado ninahitajika)

N.B. Ukinijibu, barua isiletwe nyumbani. Apewe fundi viatu, jirani yangu hapa kazini. Asubuhi hii mke wangu ameniuliza mbele ya watoto, eti mimi mwenyewe, nilipoingia mle kibandani, nilimpigia nani. Nimemjibu kwa ukali kwamba kura ni siri ya mtu. Hivyo basi, kama pazia bado hamjaligusa, naomba lisiguswe, na ikiwezekana mlibadilishe muweke zito zaidi.