Mapigo ya Springi na Shemeji Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu, milango inafunguka. Mkuu wa chuo anatafuta msimamizi wa chumba kipya cha kompyuta. Kazi ya kukaa! Kiti chenye mgongo! Magoti yangu, yaliyosimama kwenye sinki la maabara tangu ujana kuosha vyombo vya kioo vya wanafunzi, yalisikia habari kabla ya masikio. Tunaokitaka ni wawili: mimi na shemeji yangu wa stoo, mdogo wa kiume wa mke wangu. Ijumaa kila mmoja atachora mchoro kwa programu ya hesabu mbele ya Mkuu. Shemeji ni mtu mwema, ila hata vifungo vya shati hupishana naye. Nimekwisha kushinda.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu wa fizikia katufundisha. Uzito ukining'inia kwenye springi una kasi yake ya asili ya kupanda na kushuka. Mota nayo inausukuma kwa kasi ya pili. Kasi hizo zikikaribiana, mtikisiko unavimba, unanywea, unavimba tena. Ndiyo mapigo. Kwenye skrini yanatoka kama mkufu wa shanga nene. Mwalimu aliandika ubaoni kasi mbili, 2 na 1.8. Unazichapa, unabonyeza, basi. Shemeji aliuliza maswali mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Mimi niliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyezaliwa nayo. Jioni nimemwombea Shemeji asiumie sana.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua jambo! Shemeji alipoenda kunywa chai nilichungulia kompyuta yake. (Si dhambi, aliiacha wazi.) Kaandika 2 na 1.8, vilevile kama ubaoni. Kasuku! Ni wazi Mwalimu alikosea kwa haraka. Kama kukaribiana kunaleta mapigo mazuri, kulingana kabisa si kutaleta ya ajabu? Zangu nimeandika 2 na 2. Sikubonyeza, Shemeji asije akaniibia kwa macho. Nimwambie kosa lake? Nilitafakari mpaka kikombe kikaisha. Hapana. Kila mtu na mzigo wake.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kanusa. Kasema, "Baba, mdogo wangu huyo nimembeba mgongoni. Mchimbie shimo, uone kama utakula hapa." Nikamweleza kwamba sichimbi kitu, shimo kajichagulia mwenyewe. Hakucheka.
Tena nimeongeza kionjo: springi halisi mezani, karibu na atakapokaa Mkuu, na mota nimeiweka kasi ileile ya springi. Suti imepigwa pasi. Nimeomba nipewe unyenyekevu baada ya ushindi.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji alitangulia. Mkufu! Unavimba, unanywea, unavimba. Mkuu akapiga makofi. Bahati ya mgeni.
Zamu yangu. Nikabonyeza, nikawasha na mota. Mstari ukapanda. Ukazidi kupanda. Nikamtuliza Mkuu kwamba unavuta pumzi, sasa hivi utanywea. Ukapita ukingo wa juu wa skrini, haukurudi. Mezani uzito nao ukaruka, ukaruka zaidi, ukachomoka kwenye ndoano na kutua ndani ya kikombe cha Mkuu. Chai kwenye tai. Chai kwenye nyusi.
Mwalimu akaninong'oneza kuwa ile tofauti ndogo ndiyo inayozaa mapigo. Kasi zikilingana, mtikisiko hukua tu mpaka kitu kivunjike. Nilimsamehe. Alikuwa amechanganyikiwa.
Mkuu akajifuta, akauliza taratibu, "Huyu ndiye anayetaka kushika kompyuta zangu?"
Shemeji akadakia kunitetea. "Mkono wake ndio mzito, Mkuu. Moyo hauna neno."
Sijajua bado kama nilisifiwa.

Jumatatu, 10 Machi
Chumba kapewa Shemeji. Kisha kamwomba Mkuu niwe msaidizi wake, kwa kuwa magoti yangu hayaliwezi tena sinki. Mke wangu alilia kwa furaha na kunipakulia mara mbili. Nimekaa. Kiti kina mgongo kweli, ingawa cha Shemeji kina na mikono.
Feni mbili za humu zinavuma kwa namna ya ajabu: sauti inavimba, inanywea, inavimba. Shemeji akafumba macho, akasema, "Sikia, shemeji. Mapigo hayo." Nikamhurumia. Feni mbovu, na msimamizi hajui! Kesho akienda chai nitamfikishia Mkuu.
Na kosa la Ijumaa nimelibaini. Mbili zangu hazikulingana vya kutosha. Mara hii nitaandika 2.000 na 2.000, Mkuu aone mwenyewe, na kiti chenye mikono ni changu.
Nimeanza tena kumwombea Shemeji.