Ombi la Kuachiliwa kwa Viazi Vyetu Vilivyofungwa Ndani ya Ghala la Baruti

Kisiwa cha Tamsey,
Machi 2, 1976

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wilaya ya Kumbukumbu za Vita

Bwana Carraway,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanakamati wote, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya mkutano kimekwisha. Mimi ni Keturah Mungin, yule msichana wa sweta ya kijani aliyeketi karibu na mlango. Nilimaliza shule Juni iliyopita. Nyumba yetu ndiyo iliyo chini ya ngome ya udongo, na ninaandika kwa niaba ya bibi yangu, Bi Ernestine Mungin, ambaye magoti hayamruhusu kufika ofisini kwako. Ulimi wake hauna tatizo lolote, lakini amesema ukimsikia yeye utakasirika, kwa hiyo niandike mimi.

Najua kwamba mwaka huu taifa letu la Marekani linatimiza miaka mia mbili, na kila wilaya inatafuta kitu cha kuwekea kibao. Sisi hatupingi. Ngome yetu siku hizi ni kilima cha mchanga na nyasi tu. Mizinga iliondoka zamani, na watoto huteleza juu yake wakikalia vipande vya maboksi. Ikipata heshima kidogo tutafurahi. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mwezi Januari mtaalamu wenu, Daktari Pruitt, alikuja na kamba ya kupimia na daftari. Ni mtu mpole, na alikunywa chai kwetu mara mbili. Mwisho wa ngome, upande wa kusini, aliona kichuguu cha mviringo kinachofika kifuani, kimefunikwa kwa udongo, na juu yake kina tundu dogo. Alikizunguka mara tatu. Kisha akavua kofia. Juma lililofuata kikazungushiwa vigingi vinne na kamba nyeupe, na kibao kikaandikwa: GHALA DOGO LA BARUTI, 1861. USICHIMBE. USIKANYAGE. USIONDOE KITU CHOCHOTE.

Bwana Mwenyekiti, kile ni kichuguu cha viazi vitamu. Tulikijenga mimi na baba yangu mdogo Leander mwezi Oktoba, siku ya Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Zamani kila nyumba hapa kisiwani ilikuwa nacho, ila siku hizi watu wananunua viazi dukani, ndiyo maana simlaumu Daktari kwa kutokijua. Bibi hutandika majani ya msonobari chini, peke yake, na hutufukuza tusimchungulie. Kisha anapanga viazi, na sisi tunaleta mabua ya mahindi na kufukia kwa udongo. Lile tundu ambalo Daktari ameandika kuwa lilikuwa la kupitishia hewa ya baruti ni kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini. Bei yake bado inasomeka ukiinama.

2. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ningeliweka mwanzo kama nisingeogopa kukushtua. Viazi vilivyomo siyo vya kula tu. Mle ndani mna mbegu. Ni viazi vyetu vyenye ganda jekundu na nyama ya manjano iliyopauka, na jina lake ni Venus, kwa sababu bibi yake Bibi, aliyeitwa Venus, ndiye aliyevipanda wa kwanza. Havipo dukani. Havipo kwa jirani, maana jirani aliyekuwa navyo alikufa mwaka juzi na watoto wake wako Philadelphia. Inapofika katikati ya Machi ni lazima vitolewe na kulazwa kwenye kitalu ili vichipue marando ya kupanda. Vikibaki mle hadi joto liingie, vitaoza vyote, na baada ya hapo hakutakuwa na Venus tena popote duniani. Leo ni tarehe mbili. Kamati yenu itakutana tena Aprili.

3. Kibao kikubwa kilicho mbele kinasema ngome ilijengwa na Kapteni Hazelwood. Nilimsomea Bibi. Akauliza, "Kwa koleo gani?" Nikasema kibao hakikutaja. Akasema, "Basi kaulize alibeba makapu mangapi." Babu yake Bibi, aliyeitwa July Mungin, aliletwa hapa na watumwa wenzake arobaini kutoka mashamba ya jirani, bila kuulizwa, na wao ndio waliobeba mchanga ule kwa makapu kichwani. Kapteni alikuwa na kiti. Jambo hili halihusiani na viazi, lakini Bibi amesema nisipoliandika barua hii haitoki nyumbani.

4. Sasa naomba kueleza kosa langu mwenyewe. Katika mkutano wa Februari nilitumwa nikayaseme haya yote. Niliyaandika kwenye karatasi na kuyasoma njiani kote. Kisha wewe, kwa wema wako, ukaniuliza, "Binti, familia ina neno?" Nikasimama. Watu wote wakageuka. Nikasema, "Asanteni, ni kazi nzuri sana," nikaketi. Mkapiga makofi. Gazeti likaandika kwamba familia ya Mungin imefurahi.

Niliporudi nyumbani nilimweleza Bibi. "Nimekutuma ukakatae," akasema, "wewe umekwenda kubariki!" Na baba mdogo Leander, ambaye anafanya kazi kwenye mashua ya kuvulia kamba wa baharini na ana mzaha kupita kiasi, tangu siku ile ananiita Mheshimiwa Msemaji. Nikimwomba chumvi mezani anasema, "Ngojeni, Msemaji ana neno." Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, viazi vile vikioza, vitakuwa vimeozeshwa na adabu yangu. Hilo linaninyima usingizi.

5. Nimejaribu kuufuata uamuzi wa kamati kwa moyo safi, nione unatupeleka wapi. Kama kichuguu ni ghala la baruti, basi kilichomo ndani ni mali ya vita. Kama ni mali ya vita, basi sikukuu ya Krismasi tulikula mali ya vita, tena ndani ya mikate mitamu saba, na mmoja tuliupeleka kwa mchungaji. Mimi peke yangu nilikula vipande vinne. Naomba kuungama hapa, ili isije ikasemwa baadaye kwamba nilificha. Tena, banda la kuku liko hatua kumi tu kutoka ghala, limejengwa kwa mbao kuukuu na lina mlango mfupi. Sikumwambia Daktari Pruitt kwamba ni banda la kuku, na alilitazama kwa muda. Naomba aambiwe mapema. Tunahitaji mayai.

Kwa sababu hizo zote, na kwa kuwa sitaki kuivunjia kamati heshima kwa kuiambia kwamba imekosea, nimetafuta njia itakayotufaa sote. Ninaomba yafuatayo:

(a) Kwamba viazi vilivyomo ndani ya ghala vitambuliwe rasmi kuwa mateka wa vita.

(b) Kwa kuwa vita vile vya Kaskazini na Kusini vilikwisha mwaka 1865, mateka hao waachiliwe kabla ya Machi 15. Wako kama mia mbili. Hawana silaha, na wataahidi kutopigana na upande wowote.

(c) Kwamba Bibi ateuliwe kuwa ofisa wa kupokea mateka. Hataki cheo, anataka kikapu chake kilichobaki ndani ya kamba.

(d) Baada ya mateka kutoka, kamati iko huru kulinda kichuguu kitupu kwa muda wowote inaotaka, hadi Oktoba.

Niko tayari kuapa, mbele ya mtu yeyote mtakayemchagua, kwamba mahali pale hapajawahi kuwa na baruti, matofali, askari wala jambo lolote la historia. Ni udongo na viazi tu, na Oktoba ile nilikuwapo na koleo mkononi.

Tafadhali nisalimie wanakamati wote, hasa yule mama aliyenipa kiti, na Daktari Pruitt, ambaye Bibi anasema avae viatu virefu akija tena kwa sababu ya nyoka. Baba mdogo Leander anakusalimu. Mchungaji pia anakusalimu, ingawa hajui alichokula.

Ni mimi, ninayeona haya lakini ninayesema kweli,

Keturah Mungin

Baada ya kusaini: Barua hii imenichukua siku tatu, kwa sababu niliichana mara mbili. Leo asubuhi, nilipokuwa nikiinakili kwa wino, Bibi alipita mbele ya dirisha na kikapu kingine. Nilimwambia, "Bibi, subiri kwanza, sijaituma!" Akasema, "Wewe endelea kuandika, mjukuu wangu, unaandika vizuri." Kisha akainua ile kamba nyeupe kwa fimbo yake, akapita chini yake, akafungua kichuguu. Mateka wote wako jikoni. Hakuna hata mmoja aliyeoza.

Lakini Bwana Carraway, safari hii sikufukuzwa. Chini ya majani ya msonobari mna sakafu ya matofali, imepangwa vizuri, na pembeni kuna pipa dogo lenye pete za shaba. Nikamwuliza Bibi mbona hakuniambia. Akasema, "Ulidhani viazi vyangu vinakaaje vikavu miaka yote hiyo? Baruti inaogopa unyevu kama kiazi." Askari wa Kapteni walipoziona meli za Kaskazini wakakimbia, na majira ya baridi yaleyale Venus akaweka viazi vyake mle, kwa kuwa mumewe July ndiye aliyeyapanga matofali na alijua palivyo pakavu. Kwa hiyo ninafuta kile kiapo, na Daktari Pruitt apewe pole na hongera.

Bibi anaomba kibao kirekebishwe. Anataka kiandikwe: GHALA LA JULY MUNGIN. BARUTI, MAJUMA TISA. VIAZI, MIAKA MIA MOJA NA KUMI NA NNE. Nitakuja kwenye mkutano wa Aprili kuliomba hilo mwenyewe, na nikianza kusema asante, tafadhali ngojeni, nitakuwa sijamaliza.

Viazi sita vilivyo kwenye kikapu kilichokuja na barua hii ni vya kamati. Ni mbegu, msivile. Bibi anasema mkikosa pakavu pa kuviweka, vileteni hapa. Tuna ghala.