Nilivyoshangilia Peke Yangu Kalundu

Leo nimepata aibu, ndugu zangu. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kalundu, maana wao wataongeza chumvi.

Mnajua tulimzika kaka yangu Bahati. Wiki mbili nimekaa matangani kijijini Katogota. Redio ilizimwa, kama desturi, na simu yangu ni ile ya vibonye. Mpira wa Ulaya hakuna aliyeutaja. Lakini kule hospitali Bahati alikuwa ameniambia: "Wekundu wetu wakipita robo fainali, uje uniambie. Hata kama nimelala." (Wote wawili tulijua ni usingizi gani.)

Leo nimerudi Uvira. Nyumba kimya. Jioni nikavaa jezi yake nyekundu, ambayo inanibana tumboni, nikaenda ukumbi wa video kule Kalundu. Zamani tulikaa wawili, benchi la mbele. Leo nafasi yake niliiwekea kofia yangu.

Mechi ikaanza. Watu wa jezi nyekundu kimya kabisa. Nikadhani ni woga. Juu ya skrini, pembeni, kulikuwa na namba nyingine ndogo kwenye mabano. Nikadhani ni za tangazo.

Dakika ya themanini na tisa, bao! Letu!

Niliruka. Nikapiga magoti, nikainuka, nikaizunguka televisheni mara mbili nikipunga kofia. Nikamkumbatia motari mmoja, dereva wa pikipiki wa jezi nyekundu, kofia yake ya chuma bado iko mkononi. Alisimama kama nguzo ya umeme. Filimbi ya mwisho ikalia: moja kwa sifuri. Hapo mashabiki wa bluu, wale waliofungwa, wakaanza kucheza!

"Eh! Munacheza nini?" nikawapigia kelele. "Muko mumefungwa! Muende kulala!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Motari akanivuta mkono.

"Papa, tumetoka."

"Tumetoka namna gani? Tumeshinda!"

"Tumeshinda ya leo. Ile ya juma lililopita walitupiga ine kwa zero. Wanajumlisha zote mbili, papa. Weye ulikuwa wapi?"

Nilitaka kumjibu: matangani. Nikaziona tena zile namba za mabano: moja kwa nne. Yakatoka machozi.

Ukweli ni kwamba miaka yote hii sijawahi kuielewa hesabu ya mechi mbili. Bahati ndiye aliyejumlisha. Mimi nilimtazama uso tu, nikajua kama nicheke au ninyamaze.

Basi nililia. Machozi yaliyokataa siku ya mazishi yakaja mbele ya televisheni, na mimi nimebanwa na jezi! (Hata pumzi ya kulia vizuri sikuwa nayo.)

"Muache kucheka," motari akawaambia. "Huyu muzee anapenda timu sana."

Hata wa bluu wakaja kunishika bega. "Pole, papa. Mwaka kesho mutarudi."

Sikuwasahihisha. Nilivaa kofia yangu, nikatoka.

Jumapili naenda kaburini, kwa sababu niliahidi. Tafadhali msicheke. Nitamwambia Bahati kwamba tulishinda moja kwa sifuri, na huo si uongo. Akitaka jumla, ajumlishe mwenyewe. Hiyo ilikuwa kazi yake.