Gari Lililopanda Hospitali

Jumatatu moja, vita vikiwa katika mwaka wa pili, Directeur Grégoire aliwakusanya wafanyakazi wote wa Divisheni ya Mwendo wa Serikali hapa Bukavu, akatangaza kwamba Uongozi, kwa manufaa ya umma, umeazimia kutenganisha kwa muda bodi na shasi.

Kwa lugha ya mtaani: Divisheni ilikuwa na jeep mbili na hakuna iliyotembea. Ya kwanza bodi yake iling'aa, lakini shasi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima, ilikatikia barabara ya Bunyakiri. Ya pili ilikuwa na shasi na injini nzima, ila risasi zilikuwa zimeifanya bodi kuwa chekecheke. Josué, fundi wa Divisheni, angehamishia bodi nzuri kwenye shasi nzima.

Grégoire alijua kwamba mkuu wa mwendo anayekwenda kazini kwa miguu ni kichekesho. Kila asubuhi alitembea akichezesha funguo za gari mkononi, watu wadhani ameliegesha karibu. Hata mbuzi wa jirani hawakudanganyika.

"Palan ya kunyanyulia iko wapi?" aliuliza.

"Palan balishaiba, Directeur," alisema Josué. "Kunabakia tu batu."

Basi wakuu wa ofisi, na tai zao shingoni, walipangwa kwa vyeo: wakubwa mbele, makatibu nyuma. Grégoire alijipa jukumu la kusema moja, mbili, tatu. Bodi ya kwanza ikanyanyuka, ikawekwa juu ya matofali. Ya pili ikaifuata. Walipiga makofi. Josué akawasha injini ya ile shasi tupu, na ikanguruma vizuri mno, hata askari wa barabarani wakaisikia, wakaja.

"Iko gari ya nani hii?" aliuliza mkubwa wao.

"Si gari, Afande," alisema Grégoire. "Kiufundi, ni shasi iliyo katika kipindi cha mpito."

Askari aliangalia magurudumu. "Inatembea?"

"Inatembea, lakini bila bodi haina heshima."

"Heshima mubakie nayo."

Akaweka kreti ya bia nyuma ya usukani, akaikalia, akaondoka na shasi kuelekea Luvungi, wenzake wakining'inia kwenye vyuma.

Vumbi halijatulia akaingia Domitille, muuguzi wa zahanati ya jirani, akimshikilia Francine, muuza ndizi, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa.

"Papa Directeur, nimesikia moteur ya gari inanguruma. Mutoto amekaa mubaya mu tumbo. Lazima afike ku hopitali sasa hivi."

Grégoire alifungua kinywa aeleze kipindi cha mpito. Alizitazama zile bodi mbili, zenye milango minane kwa jumla, akaona aibu. Akavua koti.

"Josué, ng'oa kile kiti cha nyuma."

Walimlaza Francine juu ya kiti, wakakibeba watu wanne, Grégoire akishika kona ya mbele. Mlima ulikuwa mkali. Tai ilimrukia begani, viatu vikateleza kwenye udongo, na vijana waliokaa njiani wakasema leo Directeur amepata gari. Angependa kuwajibu, lakini pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa na kazi nyingine.

Uchungu ulipompa nafasi kidogo, Francine aliinua kichwa. "Papa Directeur, gari yako iko muzuri. Moteur tu ndiyo inapumua mubaya."

Grégoire alicheka mpaka kiti kikayumba.

"Directeur," alisema Josué, "utachekea ku hopitali."

Walifika. Madaktari walimpasua Francine kabla ya mvua ya mchana, akapata binti mzima, mwenye sauti.

Kesho yake Coordinateur Benoît, mkubwa wa Grégoire, alituma ujumbe: amesikia Divisheni ina gari linalopanda hadi hospitali; liletwe mara moja, litumiwe na yeye.

Grégoire alifunga tai, akawaita wakuu wa ofisi. Walikibeba kile kiti hadi mlangoni kwa mkubwa, wakakiweka chini kwa heshima zote.

"Ni hii, Excellence," alisema Grégoire, akiinama kushika kona yake. "Mupande. Tunaenda wapi?"