Mama Mkwe, Mamba na TV ya Chogo

Leo nimeaibika. Si aibu ya kawaida, ni ile ya kutamani sakafu ipasuke ikumeze wewe na viatu vyako. Na imetokea mchana kweupe, sebuleni kwangu, hapa hapa mtaani kwetu Mfaranyaki. Nawasimulia mwenyewe kabla shemeji yangu Deo hajaniwahi, maana yule akisimulia anatia chumvi. (Mimi natia ya kuonja tu.)

Mnaojua kwangu mnajua nina TV ya chogo, ile yenye mgongo kama gunia la mahindi. Juu yake imekaa mashine yangu ya gemu za kaseti. Zamani, kwenye banda la gemu karibu na soko, mimi ndiye nilikuwa bingwa. Nikishika pedi, soko linasimama! Watu walitoka mbali, kijijini Mpitimbi, kwa baiskeli kuja kuangalia vidole vyangu. (Sawa, alikuja mmoja, na alikuwa anauza nyanya. Lakini aliangalia.) Hata masomo ya jioni nilimaliza kwa akili ile ile ya gemu: ukianguka, unaanza tena. Cheti ninacho.

Sasa mke wangu, Anitha, amenunua friji la kuuzia maji baridi na barafu. Friji limekosa pa kukaa, limewekwa chumbani upande wangu wa kitanda, linanguruma kama fuso linapanda mlima. Anitha anaitaka kona ya TV. Na TV ikiondoka, mashine nayo kwisha, maana kwenye hizi TV bapa za siku hizi waya wake hauna pa kuingia.

Leo tumetoka misa, nyumbani tuna ugeni. Mama mkwe amekuja na karanga zake za shambani. Deo naye yuko likizo kutoka Dar, ana simu yenye gemu ambazo watu wake wanatoka jasho kabisa, unaliona. Tumemaliza kula, Deo akaitazama ile kona akacheka.

"Shem, hizi gemu ni za kukumbuka tu. Ukizicheza leo unasinzia."

"Yako inaomba bando," nikamwambia. "Inaomba kusasishwa. Ukiifungua inakutangazia mikopo. Yangu unachomeka, unacheza."

"Unacheza nini? Vidoti?"

Anitha akaona upenyo. "Baba Neema, tuamue leo leo. Deo acheze. Akichoka akaweka pedi chini, TV na mashine vinaenda kwa mtu wa chuma chakavu. Akisema kwa mdomo wake 'turudie', vinabaki, na mimi sivisemi tena."

"Nimekubali!" (Bingwa haombi muda wa kufikiri. Ndiyo shida ya mabingwa.)

Mama mkwe, aliyekuwa anamenya karanga kwenye ungo, akasema taratibu, "Na mimi nimesikia."

Hapo nikajua hakuna kurudi nyuma.

Nikachomeka kaseti. Kioo cheusi. Deo akaanza kutabasamu. Nikaichomoa, nikaipuliza kama tulivyofundishwa na mababu wa gemu: pumzi ndefu, kushoto kwenda kulia. Likatoka vumbi la awamu zote za serikali, na mende mmoja mwenye hasira. Nikachomeka tena. Muziki! Tii-ti-tii-ti! Nikasikia ujana unapanda kutoka kwenye magoti.

Gemu lenyewe ni rahisi. Kuna kajamaa kamebeba gunia, kanavuka mito yenye mamba. Ukibonyeza kanaruka. Ukichelewa kanaliwa, unaanza mwanzo kabisa.

Niwe mkweli kwenu. Picha ilipotokea nilishtuka. Kichwani mwangu ule mto ulikuwa Ruvuma wakati wa masika. Kwenye kioo ni kamfereji. Muda wote ule nilikuwa natetemeka mbele ya kamfereji!

"Shem, huyu ni mamba au kabichi?" Deo akauliza.

"Cheza."

Akacheza. Akaliwa. Akacheza tena kwa mkono mmoja, mwingine unashika simu. Akaliwa tena. Akapiga mwayo, ule wa kuonyesha mpaka magego. Anitha akaanza kupima kona kwa kitenge. Kwa macho yangu nikaona mashine yangu iko juu ya toroli la chuma chakavu, inanipungia waya.

"Lete hapa," nikasema. "Hujaonyeshwa bado."

Sasa hapa mnielewe. Sisi wa banda la gemu hatuchezi kwa vidole, tunacheza kwa mwili mzima. Kajamaa kakiegemea kushoto, na wewe unaegemea kushoto. Kakiruka, unanyanyua pedi juu na makalio yanatoka kwenye stuli. Mnaokumbuka mnakumbuka, msijifanye.

Nikavuka mto wa kwanza. Wa pili. Vidole vilikuwa vimelala tu, kumbe viko hai! Deo akaweka simu mfukoni. Nikaona. Nikaongeza mbwembwe. Mto wa tatu ndio wenye mamba wawili na kisiwa kimoja kidogo, na hapo ndipo banda zima lilikuwa linanishangilia. Nikajipanga. Nikashusha pumzi.

Nisichokijua ni kwamba mama mkwe, kwa kuwa macho hayaoni mbali, alikuwa amesogeza kigoda chake na ungo wake mpaka nyuma yangu kabisa ili awaone hao mamba.

Nikaruka!

Kajamaa kakaruka, na mimi nikaruka, waya wa pedi ukanizunguka mguu. Kajamaa kakatua kisiwani salama. Mimi nikatua mapajani kwa mama mkwe.

Jamani. Mapajani. Kwa mama mkwe!

Wangoni wenzangu mtanielewa. Mimi huyu mwanamke sijawahi kukaa naye benchi moja. Nikimpa maji nainama. Nikimsalimia naangalia chini. Leo nimemkalia kama mtoto anayesubiri uji! Karanga zimeruka mpaka kwenye picha ya harusi yetu. Ungo umepasuka. Mashine imevutwa na waya, imeanguka puu, kioo kimekuwa cheusi.

Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikiwa bado pale pale juu, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. "Sasa teremka."

Deo alicheka mpaka akatoka nje akarudi. Anitha amejifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika. Mimi nimepiga magoti naokota karanga moja moja, siwezi kunyanyua kichwa. Nikasema basi, TV iende, mashine iende, na mimi wanipakie humo humo.

Mama mkwe akajikung'uta maganda. "Baba Neema, hili lina faini. Jogoo. Tena mkubwa, maana na wewe ni mzito."

"Nimekubali, mama."

"Na ungo mpya."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Deo, acha kucheka. Sharti lilikuwa wewe ucheze mpaka uchoke. Umechoka?"

Deo akajifuta machozi. "Bado kidogo, mama. Nimalizie tu, tumpe Anitha kona ya friji lake."

Nikaiokota mashine. Imepata ufa ubavuni. Nikapuliza kaseti kwa adabu, nikiwa nimegeuka upande ambao hakuna mkwe. Tii-ti-tii-ti! Imewaka! (Hebu angusha hiyo simu yako hivyo, tuone.)

Deo akaanza. Safari hii mikono miwili. Mto wa kwanza, akavuka. Wa pili, akavuka, mwili umeanza kuegemea kushoto. Wa tatu akafika kisiwani, mguu mmoja wa kajamaa tayari uko ng'ambo, mamba akafunga mdomo.

"Aaah! Nilishavuka! Mmeona nilishavuka! Hebu turudie!"

Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Amechelewa!

Anitha akamtazama kaka yake, akakunja kitenge chake cha kupimia, akaingia jikoni. Mama mkwe akasema, "Na hilo nimelisikia."

Kwa hiyo wakuu, taarifa rasmi kutoka Mfaranyaki: gemu za kaseti bado zinalipa. Picha mbovu, muziki unaumiza sikio, mamba wanafanana na kabichi, lakini kijana wa Dar bado ameshika pedi hadi naandika haya, chai yake imepoa, na mama mkwe anamwelekeza wapi pa kuruka. Bingwa bado ni bingwa, hata akitua pabaya.

Ila kabla hujaruka, geuka kwanza uone nyuma yako amekaa nani. Na atakayecheka, jogoo anatoa yeye.