Shemeji Anayebana Matumizi Nyumbani Kwangu

Mbinga,
Mwezi wa Juni, siku ya baridi kali.

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima, kwa mkono wangu mwenyewe na nikiwa na akili timamu. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele unaweza kuingiwa na shaka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbinga mjini. Magazeti huwa siyasomi. Nanunua yaliyokwisha kusomwa na wengine, nayakatia mifano ya nguo. Juzi nilikuwa nakata mfano wa mkono wa gauni kwenye gazeti lako la wiki chache nyuma, mkasi ukafika kwenye picha ya mwanamume anayetabasamu nyuma ya kompyuta. Nilimtambua. Ni Frederick, mdogo wake mume wangu. Meza aliyokalia niliitambua pia, kwa kuwa ni yangu. Juu ya picha mmeandika kwa herufi kubwa: "Nimejifunza Kuishi kwa Kidogo na Kufanya Kazi Nyumbani."

Mkasi niliusimamisha chini ya kidevu chake. Naomba uutambue uungwana huo, maana nilikaa, nikaisoma makala yote. Yafuatayo ni malalamiko yangu, nimeyapa namba ili usipotee.

1. Neno "nyumbani". Frederick anaandika kwamba kampuni yake ya Dar es Salaam ilipowaambia wafanyakazi wafanye kazi popote walipo, yeye "alichagua kurudi nyumbani." Ndugu Mhariri, nyumbani kwao ni Maguu. Huku ni kwangu na kwa mume wangu Placidi, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Alikuja mwezi wa Machi na begi moja, akasema, "Shemeji, ni wiki mbili tu, nivute hewa ya kwetu." Wiki mbili hizo bado zinaendelea.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yangu. Frederick alizunguka nyumba nzima ameinua simu juu kama anayetafuta ndege aliyepotea, akagundua kwamba mtandao unakamata vizuri dirishani kwangu. Jioni ile ile meza yangu ya kukatia ikaitwa ofisi. Cherehani kwanza iliruhusiwa kubaki kwenye kona. Siku ya pili akatoa kichwa mlangoni: "Shemeji, samahani, mashine yako inasikika mpaka Dar es Salaam." Nikaihamishia jikoni. Wateja wakaanza kuninusia magauni, wananiuliza kama nashona au nakausha samaki. Nikaihamishia baraza ya nyuma, karibu na banda la nguruwe, huko nikawa nashona nimejifunga blanketi, vidole vimekufa ganzi. Katika makala yake ameandika kwamba hewa safi ya milima ya Umatengo haimgharimu chochote. Ni kweli kabisa. Aliyekuwa anaivuta ni mimi.

Tena mimi nafanya kazi nyumbani tangu nilipoolewa. Hakuna gazeti lililowahi kuja kunipiga picha.

2. Kubana matumizi. Anawafundisha wasomaji wako kwamba mtu akiamua, anaweza kuishi kwa kidogo sana. Hakuwaambia kwamba kidogo hicho ni cha nani. Alipofika alianza kutembea ndani ya nyumba yangu kama mkaguzi. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa aliyaanika juani ili yachemshwe tena. Sabuni ya kufulia aliikata vipande kama jibini. Uani kwetu kahawa imeanikwa mpaka mtu hana pa kukanyaga, lakini yeye anakunywa kahawa ya kopo aliyokuja nayo, kisha ananipa ushauri kuhusu anasa.

Balbu ya chooni aliifungua mwenyewe akaiweka mfukoni. "Giza halina bili," alituambia, akacheka peke yake. Mama mkwe wangu, Mama Gertruda, anaishi nasi tangu tulipomzika baba mkwe kule Maguu. Jioni ile alikwenda chooni akajigonga goti kwenye ukingo wa mlango, akawa anachechemea. Placidi aliirudisha balbu, akaniambia, "Mektilda, usimchukie. Frederick ana nia njema." Hilo ndilo jibu la Placidi kwa kila kitu. Nyumba ikiungua atasema moto ulikuwa na nia njema.

3. Lalamiko la tatu nimelifuta. Lilimhusu Placidi, na jina lake naliheshimu hadharani.

4. Nguruwe. Frederick aliona debe la pumba, akaniuliza huyu mnyama anakula mara ngapi kwa siku. Nilipomjibu alishika kichwa. Akaanza kumlisha yeye mwenyewe, mara moja tu, asubuhi, akisema kwamba mnyama naye ni suala la mazoea. Nguruwe hakuzoea. Nguruwe alilia kutwa nzima, na mimi niko pale pale barazani nashona, tunatazamana, viumbe wawili waliofukuzwa kwa ajili ya maendeleo.

5. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nitafute karatasi.

Kila mwaka wakati wa sherehe ya Ekaristi nashona magauni ya komunyo ya kwanza. Mwaka huu mama mmoja wa Kigonsera anayeitwa Beatha aliniletea kazi ya binti yake. Beatha ni mjane. Kitambaa cheupe na lesi alivinunua kidogo kidogo tangu mwaka jana, akavileta vimefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Aliniambia, "Dada Mektilda, hiki ukikiharibu sina kingine." Nilimwambia aende akalale usingizi.

Ijumaa mchana gauni lilikuwa limekwisha. Nililitundika barazani ili mikunjo inyooke, nikaingia jikoni kugeuza maharage. Nikasikia mbao zinavunjika. Nilipotoka, nguruwe alikuwa uani, nje ya banda, amefika hadi mwisho wa uvumilivu wake. Alikuwa anatafuna lesi ya shingo, na sketi yote anaiburuta kwenye tope. Nilimpiga kwa mwiko. Aliachia gauni, akaenda kwenye ndoo ya makombo, ambako ndiko alikokuwa anataka kwenda tangu asubuhi.

Niliokota kile kitambaa. Sikulia, Ndugu Mhariri. Niliingia nacho chumba cha mbele, tope linadondoka sakafuni, mwiko mkononi, nimwonyeshe Frederick matunda ya elimu yake. Alikuwa kwenye kikao, amevaa shati la kupigwa pasi, nyuso zimejipanga kwenye kompyuta kama picha za kipaimara. Aliponiona alibadilika rangi. Akawaambia wale watu, kwa sauti ya upole sana, "Samahani jamani, huyu ni dada wa kazi tu."

Naomba unielewe. Dada wa kazi ni mtu wa heshima, na mimi mwenyewe niliwahi kuwa dada wa kazi Songea, nikiwa msichana, nikanunua cherehani hii hii kwa jasho hilo. Kilichoniuma ni lile "tu". Mtu amekula ugali wangu tangu Machi, amelalia shuka zangu, amekalia meza yangu, halafu mbele za watu mimi ni "tu".

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye. Nikawasalimia wote, nikawauliza habari za huko na joto lao. Mama mmoja aliyejifunga ushungi, ambaye baadaye nilijua ndiye mkubwa wake na anaitwa Bi. Rukia, akaniuliza, "Na wewe ni nani, dada?"

Nikamwambia, "Mimi ni mke wa kaka yake. Hii mnayoiita ofisi ni karakana yangu. Na hili ni gauni la mtoto wa mjane, limeliwa na nguruwe aliyebanwa matumizi na mfanyakazi wako. Ukiweza, mchukue hata leo."

Mtu mmoja kwenye kona ya chini ya kompyuta akashindwa kujizuia, akacheka. Bi. Rukia hakucheka. Alisema, "Frederick, zima hiyo kompyuta, umsaidie shemeji yako. Tutazungumza Jumatatu."

Alizima. Akabaki anatazama meza. "Shemeji," akasema, "niliona aibu tu."

"Ulinionea mimi aibu?"

"Niliwaambia kazini nina nyumba yangu huku."

Niliacha mwiko mezani, nikatoka. Madukani nilizunguka, kitambaa cha namna ile hakuna, na komunyo ilikuwa Jumapili. Nikarudi, nikafungua sanduku, nikatoa gauni langu la harusi. Placidi alisimama mlangoni akafungua mdomo, nikamwambia akithubutu kutamka maneno "nia njema" namkata yeye kwanza. Alifunga mdomo. Nilichukua sketi yote ya gauni lile, na lesi ya mikononi. Frederick nilimpa kazi ya kushika kitambaa nikikata, na kufua kile kilichoweza kufulika. Aliifanya kazi hiyo bila kuniambia kuhusu sabuni. Cherehani ilirudi chumba cha mbele, ikalia ilivyotaka.

Jumapili binti wa Beatha alipita mbele ya altare amevaa harusi yangu, mikono ameikunja, hajui chochote. Beatha alinishika mkono nje ya kanisa, akasema, "Umeongeza lesi." Nikamwambia ilikuwa imebaki.

6. Makala yenyewe. Baada ya yote hayo, ndipo naikuta juzi. Anaandika: "Siri ya kuishi kwa kidogo ni utulivu." Anaandika: "Ninajihudumia mwenyewe." Anaandika kwamba amegundua mtu hahitaji vitu vingi, anahitaji tu meza, dirisha na mtandao. Mahali pote mtu anapoweza kunitafuta katika makala ile, sipo. Placidi hayupo. Hata nguruwe hayupo. Chakula kinajipika, shuka zinajifua, maji yanajibeba kutoka bombani yakiimba. Nyinyi wahariri mnasoma haya mkiwa mmeamka?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani ni mengi.

(a) Chapeni marekebisho, mahali pale pale, kwa herufi zile zile kubwa, kwamba Frederick anaishi kwa kidogo cha wengine.

(b) Mwandishi yeyote atakayewaletea makala ya kubana matumizi, aambatanishe barua kutoka kwa mwanamke anayempikia. Kama barua hiyo haipo, makala isichapwe. Nina hakika mtabaki na kurasa nyingi tupu, nasi mafundi tutawashukuru, maana karatasi isiyo na wino haichafui kitambaa.

(c) Kwa kuwa mmependezwa na maisha yake kiasi cha kuyatangaza nchi nzima, njoo umchukue, Ndugu Mhariri. Akae kwako. Mpe meza yako. Mwache afungue balbu zako, awalishe watoto wako mara moja kwa siku, amtambulishe mkeo kwa wageni kama anavyojua. Barabara ni ya lami mpaka hapa mjini, huna kisingizio. Begi lake nitalipanga mwenyewe, na kopo lake la kahawa nitalifunga kwa kitambaa lisimwagike.

Nimemaliza kwa amani. Nisalimie wapiga chapa wako, msahihishaji wako ambaye naona ana likizo ndefu, wauza magazeti wote wa stendi, na mama wa nyumbani kwako, ambaye nadhani tungeelewana haraka.

Ni mimi, nikiwa tena kwenye meza yangu,

Mektilda, mke wa Placidi,
Fundi cherehani, Mbinga.

N.B. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeifungua kwa mvuke wa sufuria. Leo mchana Frederick amepata ujumbe kwamba kampuni inawarudisha wote ofisini, Dar es Salaam, na yeye aondoke wiki hii. Nilishangilia mpaka nikatoboa kidole kwa sindano. Kisha nikatazama barazani.

Kuna jambo sikuliandika huko juu, kwa sababu haliisaidii kesi yangu. Mama Gertruda tangu msiba wa mumewe alikuwa hali chakula. Sisi tulimkaangia usipa, wale dagaa wa ziwani kutoka Mbamba Bay, tulimpikia uji, tulimbembeleza, Placidi alimpigia magoti, alikuwa anageuza uso ukutani. Frederick hakumbembeleza. Kila alasiri anakaa naye barazani kwenye mkeka, anamsimulia habari za baba yao, za uongo nyingi, mama anamkosoa, anabisha, na katikati ya kubisha mkono wake unakwenda kwenye sahani. Leo alipoambiwa mwanawe anaondoka, aliisukuma sahani polepole, akasema ameshiba. Hakuwa ameigusa.

Niliomba namba kwa Frederick, nikampigia Bi. Rukia mwenyewe. Nilimwambia amwache huku. Akaniuliza, "Dada Mektilda, si wewe uliyeniambia nimchukue hata siku ile ile?" Nikamwambia siku ile nilikuwa na mwiko mkononi. Akasema atamwacha mpaka mavuno ya kahawa yaishe, na asizidishe hata siku moja.

Kwa hiyo ombi langu la (c) lifute. Kahawa ya mwaka huu, Ndugu Mhariri, tutaivuna polepole sana.